Kumi na Saba Aulizwe Mwenyewe

Mke wangu hajui kukaa. Nililijua hilo tangu uchumba, nikamwoa hivyo hivyo, kwa hiyo sina haki ya kulalamika, ingawa nalalamika kila siku. Chai anainywa amesimama. Simu anaipokea huku anakunja nguo. Majirani wamembandika jina la Kiguu na Njia, wala halimchukizi. Akiitwa hivyo anapunga mkono na kuendelea na safari zake. Lakini wiki ninayotaka kuisimulia, hata mimi niliyemzoea nilimwogopa. Alikuwa anazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anafungua kabati, anasahau alichofuata, analifunga. Anaanza kufagia sebule, mara ufagio uko peke yake mlangoni na yeye yuko uani anamwagilia maua yaliyokwisha kumwagiliwa.

"Utanichimbia sakafu," nilimwambia.

"Niache, bwana."

Nilikuwa najua kinachomsumbua. Binti yetu, kitinda mimba wetu, alikuwa ametimiza miaka kumi na minane. Pale maabara anapofanya kazi mke wangu kulikuwa na rekodi za ubongo wa mtoto huyu, zilizochukuliwa alipokuwa na miaka kumi, nazo zilikuwa wazi kwenye mtandao kwa yeyote duniani anayetaka kuzisoma. Sasa mtoto amekuwa mtu mzima, na kanuni yao inasema aulizwe upya, yeye mwenyewe: rekodi zibaki au ziondolewe? Mke wangu alitaka zibaki. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wote, na alikuwa haruhusiwi kumwambia mtoto hata neno moja.

Kazi ya mke wangu ukiieleza haraka haraka watu wanadhani unawatania. Anawavisha watu kofia. Ni kofia ya kitambaa cha kuvutika, imejaa vitundu, na kila kitundu kina waya. Anapaka jeli chini ya kila waya ili ushike ngozi vizuri, kisha mtu anakaa katika chumba kidogo chenye kuta za sponji, anasikilizishwa milio na maneno, na kompyuta inachora jinsi ubongo unavyoitikia. Waya hizo hazimwingizii mtu kitu, zinapokea tu. Wanachotafuta ni safari ya sauti: mlio umeingia sikioni sasa hivi, je, ubongo umeuitikia lini, na kwa nguvu gani? Mimi ni fundi wa friji, nalielewa hivyo, na mwenyewe anasema sijakosea sana.

Aliingia pale kama karani wa mapokezi. Watoto wakiletwa walikuwa wanarusha miguu, wanang'oa waya, wanataka kwenda nyumbani. Yeye akitoka mapokezi kuja kuchungulia, wanatulia. Mpaka leo sijui kwa nini mtu ambaye hajawahi kutulia dakika moja maishani mwake ndiye anayeweza kuwatuliza wengine. Nadhani watoto wanaona mwenzao. Basi wakamfundisha kofia, akafundishika, na mwishowe akakabidhiwa na rekodi zenyewe azitunze.

Hapo ndipo alipopata donda la roho. Mkuu wao wa wakati ule, daktari mmoja mwenye maneno ya asali, alipata kazi kwingine akaondoka. Akaondoka na diski. Rekodi za watoto wote waliopita mikononi mwa mke wangu zilikwenda ndani ya begi la mtu mmoja. Walipomwandikia, alijibu kwamba ni kazi yake, ataiandika akipata nafasi. Nafasi hiyo hajaipata hadi leo. Mke wangu alirudi nyumbani siku hiyo anawaka kwa hasira.

"Watoto wamekaa nywele zimelowa jeli, wengine wanalia, wengine wamekosa shule," alisema, "halafu mtu anawafungia ndani ya begi! Hajasoma yeye, na anayetaka kusoma hapati!"

Alitaka kumfuata huko huko aliko. Ilibidi nisimame mlangoni, na mimi si mwembamba.

Mkuu mpya alikuwa daktari mwanamke, mpole wa sauti, mkali wa macho. Siku ya kwanza aliwaambia wafanyakazi kwamba kitakachorekodiwa pale kitakuwa wazi. Mwanafunzi, mwalimu, mtafiti wa nchi yoyote atajichukulia bila kumpigia mtu magoti. Mke wangu alimpenda saa ile ile. Na kuanzia hapo kazi yake ikawa kuzipanga rekodi ili mgeni aliyezifungua asipotee. Jina la mtoto linatoka, inawekwa namba. Faili zote zinaitwa kwa mtindo mmoja. Anaandika kila waya ulikuwa sehemu gani ya kichwa, sauti ilikuwa kubwa kiasi gani, nani alisinzia, nani alitikisa kichwa hadi rekodi ikachafuka. Alikuwa na msemo wake: "Mtu wa upande wa pili wa dunia afungue, aone kama vile alikuwa chumbani na mimi." Alifanya kazi hiyo kwa juhudi ya mtu anayemwadhibu yule wa diski.

Katika miaka hiyo ndipo tulipogundua tatizo la binti yetu. Walimu walisema ni mkaidi. Anaitwa haitiki, anaelekezwa anafanya mengine. Tukampeleka kupimwa masikio, hata lile la kulia alilopasuliwa akiwa mchanga, yakawa mazima, wakatuambia tumwache, atakua. Lakini sisi tulikuwa tunaishi naye. Chumba kikiwa kimya alikuwa anasikia hata nyayo za paka. Ukiwasha redio, au feni, au wakiongea watu watatu pamoja, anabaki ametoa macho, anatazama midomo. Sauti zilikuwa zinamfika zote; kilichomshinda ubongo wake ni kuchambua maneno na kelele kwa wakati. Nyumbani tukajizoeza: zima kwanza, ndipo useme. Karakana yangu iko ubavuni mwa nyumba, na akitokeza mlangoni nazima kompresa hata kama mteja amesimama na haraka zake.

Mama yake akampeleka maabara. Kwa kuwa mzazi haruhusiwi kumpima mwanawe, kofia alivishwa na mwenzake wa kazini anayesimamia spika na milio, mtu mzima mwenye mvi, ambaye wote wanamwita Bwana Sauti kwa kuwa haongei. Majibu yalipotoka, hata Bwana Sauti aliongea. Palipokuwa kimya, mistari ya ubongo wa binti yetu ilipanda na kushuka vizuri tu. Walipochanganya kelele, mistari ilichelewa, ikakatika, ikapotea. Kulikuwa na watoto wengine wenye shida hiyo, ila hakuna aliyeionyesha wazi namna ile. Akapewa namba kumi na saba, rekodi zikaenda mtandaoni pamoja na za wenzake, na sisi tukajua kwamba mwanetu si mkaidi. Nililia siku ile, sioni haya kusema.

Kisha dunia ikampokea. Watu tusiowajua walichora mistari yake kwenye makala zao. Kundi moja la watafiti wa mbali lilianza kutengeneza kifaa cha darasani cha kupunguza makelele, na walikuwa wanakijaribu kwanza kwenye rekodi zake. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliandika kwamba baada ya kusoma habari za Kumi na Saba, alimhamisha mwanafunzi wake mmoja kutoka dirishani, akaanza kuongea naye ana kwa ana, na yule mtoto sasa anasoma. Kila habari kama hiyo ilipofika, mke wangu aliingia nyumbani anapaza sauti: "Kumi na Saba ameandikwa tena!" Na binti yetu, msichana wa miaka kumi na moja, anainuka mezani anainama kulia na kushoto kama mtu anayepokea kombe. Ulikuwa utani wetu na fahari yetu.

Kanuni ya kuuliza upya ilitoka kwa mke wangu mwenyewe. Wakati Daktari, yule mkuu mpya, anaandaa makubaliano ya wazazi, mke wangu alikomaa: mtoto akikua aulizwe mwenyewe, na akikataa aondolewe. Kamati ikamsifu. Kwa hiyo watoto wale walipoanza kufikia utu uzima, alianza kuwatafuta mmoja mmoja kwa simu. Mmoja amekuwa kinyozi, alicheka hadi akakohoa: "Mpaka leo mnavyo? Endeleeni navyo!" Mwingine alikuwa katika maandalizi ya harusi, akasema aulizwe akishaolewa, akaolewa, akakubali. Wote waliopatikana walikubali. Akabaki wetu.

Huyu hakuruhusiwa kuulizwa na mama yake. Mama atamwuliza vipi mtoto bila kumwelemea? Bwana Sauti akapewa kazi hiyo, na binti akaitwa aje maabara Alhamisi. Ndiyo ile wiki ya kuku na kutaga.

"Mwonyeshe ujumbe wa yule mwalimu wa shule ya msingi," nilimshauri. "Mkumbushe tu."

"Huko ni kumsukuma."

"Kumsukuma mwanao ndiyo malezi yenyewe."

"Siyo kwenye hili, baba. Nikimsukuma kwenye hili, nina tofauti gani na yule wa diski?"

Akiniita baba kwa sauti ile, najua mazungumzo yameisha. Ila niliona hatari yake. Akiondoka Kumi na Saba, watoto wa aina yake katika rekodi zile watabaki wachache na wasioeleweka vizuri, na wale wa kifaa wataanza upya. Isitoshe, nilikuwa natamba. Wateja wangu wote walikuwa wanajua mwanangu anasomwa ng'ambo.

Binti mwenyewe alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi, anatoka asubuhi na kurudi jioni. Kwa muda alikuwa mnyonge, anakula upesi na kujifungia chumbani. Tulidhani ni mitihani. Wazazi tuna kipaji cha kudhani ni mitihani.

Alhamisi ikafika. Daktari alimrudisha mke wangu nyumbani mapema kwa kuwa alikuwa anawapandisha watu presha kwa kwenda na kurudi kwenye korido. Akaja karakana. Akaanza kunipangia skrubu zangu kwa ukubwa, jambo ambalo hakuna mwanadamu aliyewahi kumwomba, kisha akazichanganya tena.

"Atakubali," nilimwambia.

"Usiniambie atakubali."

"Haya, atakataa."

Alinikata jicho. Hapo hapo binti akatokeza, begi begani, uso umekaza. Nikazima kompresa.

"Nimekataa," alisema. "Nimemwambia waziondoe zote."

Mke wangu aliziacha skrubu mezani. Kisha akauliza polepole, kama anayeuliza bei ya kitu asichokuwa na uwezo nacho: "Unaweza kuniambia kwa nini, mwanangu? Hulazimiki."

Binti akaweka begi chini. Alisimulia akiangalia mlango wa friji niliyokuwa nimeifungua, si sisi.

Wiki kadhaa nyuma, mwalimu wao wa chuo alikuwa anafundisha namna mwili unavyopokea sauti na mguso na mwanga. Akatandaza picha ukutani. Feni ilikuwa inanguruma juu na binti alikuwa anaokota neno moja moja. Lakini picha haikuhitaji masikio. Ile mistari ameiona tangu utoto imebandikwa mlangoni mwa chumba cha kazi cha mama yake. Chini yake yalikuwepo maelezo ambayo mama yake aliyaandika kwa bidii ili mgeni asipotee: msichana, miaka kumi, anatumia mkono wa kushoto, aliwahi kupasuliwa sikio la kulia akiwa mchanga.

"Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja alisoma yale maneno, akageuka kuutazama mkono wangu," alisema. "Nilikuwa nimeshika kalamu. Nikaihamishia kulia. Nimeandika kwa mkono wa kulia siku nzima, baba. Hata mimi mwenyewe siwezi kusoma nilichoandika."

"Na mwalimu?" niliuliza.

"Alisema mtoto wa namna hii akikua, usithubutu kumwachia wodi. Kwamba wodini kuna makelele, mgonjwa ataita na yeye hatasikia, na mgonjwa atakufa. Hilo nililisikia lote. Alikuwa amesimama karibu."

"Sisi hatukuandika hivyo!" Mke wangu alipaza sauti. "Rekodi haisemi hivyo! Rekodi inasema unachelewa, na kwamba ukimya unakusaidia, na kwamba..."

"Najua hamkuandika, mama. Mliweka wazi, yeye akajazia."

"Yale maelezo niliyaweka ili mtu wa mbali aelewe."

"Wa mbali kaelewa. Wa dawati moja kanijua."

Mimi nilikuwa nimeshika koleo nalibana na kuliachia. Kisha binti akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya mtu anayemaliza jambo, "Basi. Kesho mtaziondoa, mwalimu akizitafuta asizione, yaishe."

Nilimtazama mke wangu nikaona rangi imemtoka.

"Sisi tutaziondoa kwetu," alisema. "Kesho asubuhi, kwa mkono wangu. Ila waliokwisha kuzichukua wanazo, mwanangu. Ziko kwenye kompyuta zao."

"Ni akina nani?"

"Wengine nawajua kwa makala zao. Wengine sijui. Hatukuweka kufuli. Hatukuwa tunamwuliza mtu jina. Ndiyo maana ya kuwa wazi."

Binti alimwangalia mama yake kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Sasa mlikuwa mnaniuliza nini?"

Swali hilo mpaka leo naliogopa. Makubaliano yale yalikuwa na ahadi mbili. Ya kwanza, rekodi zitakuwa wazi kwa kila mtu, bila mlango. Ya pili, mtoto akikua na kukataa, zitaondolewa. Zilikaa kwenye karatasi moja miaka yote hiyo, na Daktari alizisoma, na kamati ilizisoma, na mke wangu aliyeililia hiyo ya pili alizisoma, na hakuna aliyeziweka ubavu kwa ubavu akaona kwamba moja inaila nyingine. Kila aliyeulizwa kabla alikubali, kwa hiyo tundu halikuonekana. Ilibidi lionwe na mwanetu.

Mimi nikapandwa na hasira, na hasira yangu haichagui. Nikamgeukia mke wangu. "Yaani umeligawa shati la mtoto, limevaliwa dunia nzima, halafu unamwuliza kama yuko tayari kulivua?"

"Na sahihi yako imo, baba," alinijibu bila kupandisha sauti. "Ulitia hapo hapo ulipokaa."

Ni kweli. Nilitia huku nimeshika bisibisi, wala sikusoma. Binti akachukua begi akaingia ndani, akatuacha wawili na friji ya watu iliyo wazi.

Kesho yake mke wangu alifanya alichoahidi. Aliziondoa. Ukifungua orodha yao sasa, namba zinatoka kumi na sita zinaruka hadi kumi na nane, na katikati kuna maneno kwamba mwenyewe ameomba atolewe. Daktari alitaka wazipange upya ili pengo lisionekane. Mke wangu alikataa. Alisema pengo libaki, watu wajue kuna mtu alisema hapana akasikilizwa. Kisha akaandika kwa kila aliyemjua, akiwaomba wafute. Wengine walijibu kwa heshima, wamefuta. Wengine hawakujibu, na hao ndio waliomkosesha usingizi. Kila simu ikilia anaruka. Wale wa kifaa cha darasani waliandika kwamba wamefuta na kwamba kazi yao ya muda mrefu inarudi mwanzo, lakini haki ni ya mtoto. Aliusoma ujumbe huo kwenye sinki ya jikoni, maji yanamwagika bure, akalia kwa sauti bila kujificha. Binti alikuwa chuoni. Hakumwambia, na mimi nilikatazwa.

Pale kazini akawa hashikiki. Aliyekuwa anachukia makufuli kuliko kitu chochote, sasa ndiye aliyekuwa anamfuata Daktari korido nzima akitaka pawe na mlango: anayechukua rekodi aache jina lake, aahidi kufuta akiambiwa, na yale maelezo ya mkono na sikio yapunguzwe hadi mtu wa dawati moja asiweze kuunganisha. Daktari alimwonya kwamba wataonekana wamerudi zama za diski. Mke wangu akasema hapana, yule alifunga ili asome peke yake, sisi tunafunga ili tujue wa kumpigia simu. Walibishana hadi Bwana Sauti, kwa mara ya pili katika historia, akafungua mdomo na kusema mama ana haki. Wakasimamisha kuweka rekodi mpya za watoto hadi mlango upatikane.

Alibaki mwalimu wa chuo. Huyo hakuwa ameandika makala wala kuomba kitu kwa mtu; alijichukulia tu kwa ajili ya somo lake, kama walivyoruhusiwa wote, na mke wangu asingemjua kama si binti. Alitaka kumwendea. Alivaa viatu, binti akasimama mbele yake.

"Ukija chuoni, mama, wote watajua ni mimi. Hicho ndicho ninachokikimbia."

"Nitamwandikia basi, bila jina."

"Atajiuliza nani darasani mwake kalalamika. Tuko wachache wa mkono wa kushoto."

Akavua viatu. Siku ya pili akavivaa tena, akafika getini, akarudi. Ikawa ndiyo hali. Nilimwona mara ngapi sijui, mkoba begani, amesimama getini kama anayesubiri kuruhusiwa na mtu ambaye hayupo. Nikimwambia apumzike ananiuliza apumzike wapi. Binti naye alikuwa anafanya mazoezi ya kuandika kwa mkono wa kulia, kimya kimya, chumbani. Nilimkuta siku moja nikafunga mlango bila kusema kitu, na moyo uliniuma vibaya sana.

Kisha mchana mmoja wakati chuo bado kiko katikati ya masomo, binti akaingia karakana. Mke wangu alikuwepo, zilikuwa siku zake za kwenda kazini jioni. Nikazima mashine. Mtoto alikuwa anahema.

"Wanarudia masomo kabla ya mtihani," alisema. "Ameitandaza tena."

"Ile ile?" mama yake aliuliza.

"Ile ile. Akaanza na yale maneno ya wodi. Nikasimama."

"Ukatoka?"

"Sikutoka. Nilisimama pale pale. Nikamwambia, mwalimu, huyo ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Nimeomba niondolewe na maabara wameshaniondoa, umebaki wewe. Naomba ufute."

Mke wangu alishika ukingo wa meza yangu ya kazi kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nataka kucheka na kulia na kwenda kumshika mtu shati, vyote kwa pamoja.

"Alibaki ameduwaa," binti aliendelea. "Sikumwogopa, wala sijui kwa nini. Nilimwonyesha mkono wangu wa kushoto, una wino. Nikamwambia mimi ndiye niliyepata alama za juu kwenye jaribio lake la mwisho. Akatazama ukutani, akanitazama, akasema samahani. Akafuta pale pale mbele ya wote. Ukuta ukawa mweupe."

Alijipangusa uso kwa kiganja. Alikuwa amepata alichokitaka, na ili akipate alikuwa ametoa kile kile alichokuwa anakificha, darasa zima likiwa linamtazama. Alilijua hilo vizuri kuliko sisi, lilikuwa limemjaa machoni.

"Na wenzako?" mke wangu aliuliza. "Wenzako wakasemaje?"

Binti akatikisa kichwa.

"Sijui, mama. Feni ilikuwa inanguruma, nao walisema wote kwa pamoja."